Mnana wa manjano wametoweka bustanini, nimebaki na wa rangi ya nyasi kavu

Kibarazani aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Nina maswali matatu, mtanivumilia, maana la tatu limezua ubishi nyumbani.

La kwanza. Mti ulio mbele ya dirisha la jikoni ulikuwa umejaa mnana, wale madume wa manjano yenye kuwaka na uso mweusi. Kelele tangu alfajiri, viota vinaning'inia upande mmoja wote wa mti. Sasa wa manjano siwaoni hata mmoja. Wanaokuja wana rangi ya nyasi kavu na michirizi mgongoni, nusura niwaite shomoro. Viota vingine vimekauka vikiwa palepale, vingine vimeanguka. Je, wenyewe wamehama na hawa ni wapangaji wapya? Au wameliwa? Kuna paka wa jirani ambaye namshuku kwa kila jambo linaloharibika hapa.

La pili. Nimejiunga na kikundi cha kutazama ndege, tunatoka Jumamosi asubuhi. Wenzangu wakianza kutaja ndege waliowaona wiki hiyo, mimi nakaa kimya. Orodha yangu ya nyumbani ni shomoro, tetere, kunguru, mnana na chozi mmoja anayekuja kwenye maua mekundu. Kiongozi wetu anasisitiza kila mtu aandike ndege wa kwake, hata hao. Kwa kweli sioni faida ya kuandika "shomoro" leo, kesho na keshokutwa. Na hata nikikubali, nawahesabuje? Wanakuja 3, wanaruka, wanakuja 5. Niandike 8 au 5?

La tatu. Jana tetere amegonga kioo cha sebuleni. Ameacha alama yake kamili kwenye kioo, mbawa mbili na kifua, nyeupe kama imechorwa kwa chaki. Alikaa chini ameduwaa, baadaye akaruka akaenda zake. Binti yangu anataka tumwandike. Mimi nasema hakuja bustanini, alikuwa anapita tu, kioo ndicho kilichomsimamisha. Tuamulieni.

---

Kiona Mbali alijibu:

Karibu sana mkuu. Kwa hilo la kutambua, weka programu ya Merlin kwenye simu, ni bure. Imetengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Unaipa picha inakutajia ndege, na tangu 2021 unaweza pia kuirekodishia sauti ikakuandikia majina kadiri wanavyolia. Mimi asubuhi naiwasha, naiacha kwenye ukuta wa baraza, nikimaliza kunywa chai orodha iko tayari. Idadi nakadiria.

Kuhusu viota, hesabu viota vilivyopo, kila kimoja zidisha kwa 2, umepata mnana wako.

---

Mama Daftari alijibu:

Mwanangu Kibarazani, mwache paka wa jirani apumzike, safari hii hana kesi.

Hao wa rangi ya nyasi kavu, wengi wao huenda ndio madume wako walewale. Katika aina nyingi za mnana, dume huvaa manjano kwa msimu wa kuzaana tu. Msimu ukiisha, manyoya yale hunyonyoka, yanaota mengine yaliyofifia, na dume anafanana na jike kiasi cha kukuchanganya. Ukitaka kujiridhisha, watazame wakati wanabadilika. Utamkuta dume mwenye mabaka, manjano hapa, kijivu pale, uso una vidoa vyeusi vilivyosalia, hapendezi hata kidogo. Si mnana wote walio hivyo. Wapo ambao dume habadiliki mwaka mzima, kwa hiyo kwanza umjue wako ni wa aina gani. Na usimchanganye na shomoro: angalia mdomo. Wa mnana ni mrefu kidogo na una ncha, wa shomoro ni mfupi, mnene.

Hata hivyo, si nguo tu zilizobadilika. Makinda wakishatoka viotani, kundi hutawanyika. Mnana huungana na wenzao wakazunguka kwenye nyasi wakitafuta mbegu, na pale mtini wanarudi wachache. Kwa hiyo wamebadilika rangi na pia wamepungua. Wamepungua kwa kiasi gani? Mimi siwezi kukuambia, na wewe huwezi, kwa sababu walipokuwa wengi hukuandika. Hapo ndipo swali lako la pili linapojijibu lenyewe.

Kabla sijafika huko, ndugu yangu Kiona Mbali, hesabu ya kuzidisha viota kwa mbili nakuomba uifute. Dume mmoja wa mnana husuka viota kadhaa katika msimu mmoja, na vingine havikaliwi na yeyote. Kaa ukamtazame siku moja, acha simu. Huchana ukanda mwembamba wa jani bichi, anauzungusha kwenye kijiti, anaukanyaga ncha moja huku mdomo ukipenyeza nyingine, mpaka inatokea pete. Pete hiyo ndiyo anayosimama ndani yake muda wote wa ujenzi, na ukubwa wa chumba ni kadiri mdomo wake unavyofika mbele akiwa amesimama hapo. Kikikamilika ananing'inia kwa chini, kichwa chini miguu juu, anapigapiga mbawa na kupiga kelele kila jike akikaribia. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi kwa ndani, anatoka. Mara nyingi anakwenda zake. Jike hupenda kiota kibichi, cha kijani, na kikianza kukauka bila mchumba, dume mwenyewe anakifumua na kuanza kingine palepale. Jike akikubali, yeye ndiye anayeleta nyasi laini na manyoya ya kutandika. Sasa niambie, mti wenye viota 20 una mnana wangapi? Hujui. Unajua tu kwamba kuna madume wasiochoka.

Namna ya kuhesabu, mwanangu: chagua mahali pamoja pa kukaa, muda uleule, na andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Saa 1 asubuhi hadi saa 1 na nusu inatosha kabisa. Kwa kila aina ya ndege unaandika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mkupuo mmoja. Wamekuja 3, wakaja 5, wakaja 4: andika 5. Si 8, si 12. Huenda kweli walikuwa 12 tofauti, lakini huna namna ya kujua, na 5 una uhakika nayo. Utaratibu huo ndio unaotumiwa na RSPB, shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, kwenye hesabu yao ya ndege wa bustani, ambayo watu wa kawaida wamekuwa wakiifanya kila Januari tangu 1979, saa moja tu kwa mwaka. Ukizingatia kanuni hiyo, namba yako ya leo inalinganishika na ya mwakani. Ukichanganya kanuni, umeandika hadithi.

Na jambo ambalo wengi hawalipi uzito: andika kila ndege uliyemtambua ndani ya muda huo, usichague wazuri ukaacha wengine. Orodha kamili ina siri moja, kwamba hata asiyekuwemo anahesabika. Kama ulikaa nusu saa, ukaandika kila kitu, na kunguru hayumo, basi kunguru hakuonekana. Kama uliandika wale tu waliokufurahisha, kutokuwepo kwa kunguru hakuna maana yoyote. Ndiyo sababu eBird, ile hifadhi ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002, kila unapotuma orodha inakuuliza kama umeandika wote uliowatambua.

Kuhusu shomoro wako unaomdharau. Katika hesabu hiyohiyo ya Uingereza, shomoro wa nyumbani bado ndiye anayeongoza kwa kuonekana bustanini. Na shomoro huyohuyo, idadi yake kwa bustani imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu 1979. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu anayechungulia dirishani leo atakuambia shomoro wamejaa. Daftari linakataa.

Nenda India pia. Miaka ya 1980 tumbusi walikuwa wengi hadi hakuna aliyewajali, nani ahangaike na ndege wa jalalani? Mtafiti mmoja, Vibhu Prakash, alikuwa amehesabu jozi zilizotaga katika hifadhi ya Keoladeo. Aliporudia hesabu katika miaka ya 1990, zaidi ya nusu hawakuwepo, na waliobaki walikuwa wakifa juu ya miti, shingo zimelegea. Mwaka 2004 ikachapishwa sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo, figo zinaharibika, anakufa. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, wakati tumbusi mgongo-mweupe wa nchi hiyo wamekwisha kwa zaidi ya asilimia 99. Bila ile hesabu ya kwanza, ya ndege aliyekuwa kila mahali, wangebaki wanabishana kama kweli wamepungua au watu wanasahau.

Sasa tetere. Binti yako ameshinda. Alikuwa hai, alikuwa kwenu, mmemtambua, mwandikeni 1. Ila pembeni andika "amegonga kioo", kwa sababu hiyo nayo ni taarifa. Ile alama nyeupe ni vumbi la manyoya yake mwenyewe. Njiwa na tetere wana manyoya yanayosagika kuwa unga, ndiyo maana wao huacha picha nzuri kuliko ndege wengine. Na kabla ya kuisafisha, simama nje pale alipotokea uangalie kioo kwa macho yake. Utaona miti na mbingu. Ukibandika picha moja ya mwewe haisaidii, ataipita kando tu. Weka alama nyingi ndogo, kwa upande wa nje, kioo kizima, kila moja isizidi sentimita 5 kutoka kwa mwenzake. Vitone vya rangi vinatosha.

---

Kibarazani alijibu:

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Binti yangu amesoma mara moja, sehemu yake tu, na sasa anatembea kifua mbele.

Kweli leo nimemuona mmoja mwenye mabaka! Kidevu cheusi, kifua nusu manjano, amekaa juu ya kiota kikavu bila kufanya lolote. Ningemuona wiki iliyopita ningesema ni mgonjwa.

Swali dogo. Kwenye daftari nimwandike kama dume?

---

Mpita Kichakani alijibu:

Mkuu, msimu wa viota ukirudi, sikiliza pia ndege anayelia di-di-di-diderik, sauti inapanda mwishoni. Ni kekeo mdogo, mgongo wake wa kijani unaong'aa, tumbo jeupe. Hajengi. Jike wake anataga kwenye viota vya mnana, na mama mnana anabaki kulea mtoto wa mtu. Ukimsikia, angalia mnana wanavyofanya, wanamfukuza kwa fujo kubwa.

Jambo ambalo mimi nalipenda: kila jike wa mnana-vijiji hutaga mayai ya rangi yake maisha yake yote. Mmoja ni buluu tupu, jirani yake ni meupe, wa tatu ya kijani yenye madoa. Kwa hiyo yai la mgeni likiingia anaweza kulitambua akalitupa nje. Kekeo naye anabahatisha. Mnana hao waliwahi kupelekwa kisiwa cha Hispaniola kule Karibi, ambako kekeo huyo hayupo, na huko utofauti wa mayai kati ya jike na jike umepungua. Adui akiondoka, na kitambulisho kinalegea.

Ila msichungulie viotani kutafuta mayai, tafadhali. Mnaweza kuwatia hofu wakavihama.

---

Kiona Mbali alijibu:

Mama, kuhusu viota nimekuelewa, nimefuta. Lakini kwa simu sikubali. Jana Merlin imenitajia ndege ambao nisingewaona milele, wamo ndani ya kichaka. Kwa nini nisiwaandike? Masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

---

Mama Daftari alijibu:

Nianze na Kibarazani. Marahaba mwanangu. Mwenye mabaka ya namna hiyo, andika dume, huyo amejitaja mwenyewe. Wale waliofifia wote, andika "mnana" na idadi, usilazimishe jinsia. Na ikitokea huna uhakika hata ni mnana wa aina gani, andika "mnana, aina haijajulikana". Hiyo si aibu. Katika matembezi yenu utasikia watu wakitaja majina makubwa kwa ndege aliyepita sekunde mbili dhidi ya jua. Wewe kaa na "haijajulikana" yako, ina thamani kuliko jina la kubuni.

Kiona Mbali, simu yako iwe mbwa wa kukuonyesha upande wa kichaka, isiwe shahidi. Ikitaja jina, nyanyuka, mtafute, au angalau msikilize kwa masikio yako mpaka uweze kusema ni yeye. Ukimthibitisha, mwandike. Asipothibitika, muache. Kwanza haijui sauti za ndege wote wa dunia, na asiyemjua inaweza kumpa jina la anayefanana naye. Halafu kuna matapeli. Mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, huiga mlio wa hatari wa ndege wengine. Wenzake wakiusikia wanatupa mlo na kukimbia, yeye anashuka anaokota. Ndege wenzake, waliozaliwa kichakani, wanadanganyika. Simu yako iliyolala ukutani wakati wewe unakunywa chai itaponea wapi?

Tena kwa mtu anayeiacha peke yake, hakuna saa ya kuanza wala ya kumaliza, na hakuna idadi. "Nakadiria" haina msaada kwa mtu wa kesho.

Hilo la Jumamosi nalo. Msichanganye orodha ya matembezi na ya nyumbani. Ya nyumbani ni ya kukaa mahali pamoja. Ya matembezi ina muda na pia umbali mliotembea, na mtu anayekwenda kilomita 3 kandokando ya mto lazima akutane na ndege wengi kuliko aliyekaa dirishani. Kwa hiyo mwenzako akileta majina 40 na wewe una 5, hamjashindana. Katika kikundi, mmoja aandike, wengine watazame na kutaja. Watu wanane wakiandika wanane, ndege mmoja anageuka wanane. Jua liwe mgongoni, rangi zionekane. Na anayewapigia ndege sauti zilizorekodiwa ili watokee, hasa karibu na viota, mwambieni aache. Dume anaacha kazi yake kuja kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

---

Kibarazani alijibu:

Nimeanza leo. Saa 1:00 hadi 1:30 asubuhi, kibarazani. Shomoro 6, tetere 2, kunguru 1, mnana 4 (dume 1 mwenye mabaka), chozi 0. Nimeandika hiyo sifuri kwa kalamu nyekundu, sijui kwa nini.

La mwisho kabisa, halafu nawaachia: kikundini wananiambia ninunue darubini ya 10x50 ili niwafikie wenzangu. Navaa miwani.

---

Mpita Kichakani alijibu:

Usikimbilie 10. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Inavyokuza zaidi ndivyo inavyotikisika mkononi na ndivyo unavyoona eneo dogo, na mnana hatulii sehemu moja akusubiri umtafute. Kwa bustani na matembezi, 8x42 ndiyo inayotumiwa na wengi, na kuna sababu. Hiyo 50 nayo utaijua shingoni ikifika saa 4.

Kwa miwani, angalia vikombe vya machoni vinasokoteka kushuka chini, kisha jaribu ukiwa umeivaa. Ukiona duara zima bila kivuli cheusi pembeni, inakufaa. Na ukimuona ndege kwa macho matupu, usishushe macho kutafuta darubini. Endelea kumkazia macho, darubini ndiyo iinuke ije usoni. Fanya mazoezi kwa kunguru, yeye hana haraka.

---

Mama Daftari alijibu:

Naunga mkono 8x42. Na kesho saa 1:00, chozi akija, tuandikie.